Usiku wa Kwanza Hemani

Kiangazi hiki tulimpeleka mwanetu wa miaka miwili kulala hemani Ugalla kwa mara ya kwanza. Nilitaka hema liwe ukingoni mwa mto, nikisema kutawadha kutakuwa rahisi. Mama yake akakataa: viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na nyayo zao zilikuwa pale pale. Tukahamia mbali. Mtoto akavuliwa shati la buluu, rangi inayowavuta mbung'o, akavishwa jeupe. Mtume (s.a.w.) ametuagiza kuwazuia watoto giza linapoingia, basi Magharibi ilimkuta ndani, akililia kuuona moto. Nakiri nilinuna kwa kushindwa hoja. Usiku wa manane tukasikia vishindo upande wa mto. Mtoto hakuamka.