Fungu la Sikukuu na Fungu la Mbegu

BARAZA LA TABORA
Na Maulidi Kasanda

Katika nchi yetu ya Unyamwezi sikukuu za mwisho wa mwaka hazitujii ghala zikiwa zimejaa. Hutujia mvua zikiwa zimekwisha kushika, jembe likiwa mkononi, na mahindi, karanga na mpunga vikidai mbegu, hali fedha za tumbaku na za mavuno, ambazo aghalabu huingia nyumbani katikati ya mwaka, zimebaki haba au zimekwisha kabisa. Baada ya Krismasi na Mwaka Mpya shule hufunguliwa, na ijapokuwa ada imeondolewa katika shule za serikali, kuanzia msingi hata kidato cha sita, sare, viatu na madaftari vingali juu ya mzazi. Kwa hiyo mtu wa Tabora aingiapo dukani mwezi wa Desemba kununua adia, huwa, ajue asijue, ameshika fedha za shamba na fedha za mtoto.

Sisemi haya kwa kuchukia ukarimu. Kupeana tunu siku ya furaha ni murua wa waungwana, na katika mji huu, ambamo Waislamu na Wakristo huishi ukuta kwa ukuta na mkono wa idi hutolewa kwa moyo ule ule utoao zawadi ya Krismasi, mtu mwenye uwezo asiyemkumbuka mtoto wala mzee wake siku hiyo huhesabiwa kuwa amepungukiwa na utu. Ninalolisema ni kwamba zawadi ni haki yenye fungu lake, na fungu hilo lapasa kutengwa kabla ya siku yenyewe, lisije likamegwa katika mafungu ya haki nyingine.

Watu wa njia ya misafara iliyoujenga mji huu waliijua tadbiri hii. Safari ya kutoka pwani kuja Unyanyembe, nchi ulimo mji huu, ilikuwa ya miezi. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kaze, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134, na tajiri mwenye busara hakufungua mizigo yake ovyo njiani. Nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za masango vilihesabiwa kwa kazi zake: hivi vya posho ya wapagazi, hivi vya hongo ya watemi, ambayo Ugogoni ilikuwa nzito kwa sababu huko maji yalikuwa adimu, na hivi vya biashara yenyewe huko mbele. Hongo ilikuwa heshima isiyoepukika, kama zilivyo leo zawadi za wakwe na wazee. Lakini aliyeilipa kwa bidhaa za posho aliwaona wapagazi wakimtoroka kwa njaa, na safari ikafa. Tena shanga zilizopendwa nchi moja zilikataliwa nchi ya pili, hata mwenye kununua bila kuuliza alichukuza mzigo usio na thamani. Msafiri Livingstone alipoingia Ujiji mwezi Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, alikuta shehena yake imekwisha kuuzwa na mtu aliyeaminiwa kuilinda, akabaki fukara hata Stanley, aliyekuja kumtafuta, alipomfikia. Mali iliyowekewa kazi yake, ikitumiwa kwa jambo lingine, humfedhehesha mwenyewe siku ya haja.

Siku hizi hatari za kuchanganya mafungu ni mbili. Ya kwanza ni siku ya kuvunja kikoba. Vikoba vingi hugawana mwishoni mwa mwaka, na mama aliyenunua hisa juma baada ya juma hupokea jasho la mwaka mzima wakati ule ule ambapo ndugu wanashuka kutoka Dar es Salaam na Mwanza, na macho yote yanamtazama yeye. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ikifika Januari fedha hazipo, na hakuna awezaye kusema zimekwendea nini. Hatari ya pili ni mikopo ile ya riba kubwa ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu, ambayo marejesho yake huanza kudaiwa sikukuu ingali haijaisha, na ambayo imewatolea watu wengi samani zao nje mbele ya watoto wao.

Nasaha yangu ni kwamba mume na mke wakae pamoja, na watoto wakubwa wawepo, waandike kwanza mbegu na mbolea, kisha mahitaji ya shule, kisha chakula cha kuifikisha nyumba kwenye mavuno, kisha madeni. Kinachosalia ndicho kiwe ukomo wa sikukuu, nao wasiuvuke. Kikiwa kidogo, wasihuzunike, kwa kuwa asali ya misitu ya Sikonge, karanga, mchele na maembe yanayoiva msimu huu ni hidaya ambazo ndugu wa mjini hawazipati kwa urahisi. Na kwa mwaka ujao, mwenye kuweka shilingi 2,500 kila juma tangu mwanzo wa Julai, fedha za mavuno zingali mkononi, atakuwa na shilingi 62,500 ifikapo Krismasi, pasipo kugusa mbegu wala kikoba.

Sisi tunaopokea nasi tuna wajibu, tena mkubwa. Mjomba, shangazi, mkwe na mzee wa ukoo ndio wenye uwezo wa kumpunguzia kijana mzigo huu kwa kumwambia waziwazi, kabla hajaenda kukopa, kwamba kuja kwake kumetosha. Kwa maana kijana hatathubutu kulisema hilo mwenyewe. Nguo ya sikukuu iliyonunuliwa kwa deni humfurahisha mtoto siku moja, kisha mtoto yule yule ndiye anayeilipa, kwa kwenda shule Januari bila madaftari na kwa kula mlo mmoja mwezi wa Machi. Ampendaye mtoto na amwekee kwanza Januari na Machi, ndipo ampe Desemba.