Mke wa Mfungua Njia



Katika jubilei za parokia kuna desturi tuijuayo sote. Husomwa historia: nani alifika kwanza, Misa ya kwanza iliadhimishwa chini ya mti gani, nani alikuwa katekista wa mwanzo. Tunapiga makofi na vigelegele. Mke wa katekista huyo, aliyelima peke yake mumewe alipokuwa akizunguka vigangoni, hatajwi hata jina. Tulilikumbuka jambo hilo tulipokuwa tukisoma habari za mtu wa mbali sana nasi, Daniel Boone, mlowezi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1734, ambaye Wamarekani humheshimu kama mfungua njia ya Kentucky.

Sifa zake si za uongo. Mwaka 1775 aliongoza watu waliokata miti na kupasua njia kupitia pengo la milima liitwalo Cumberland Gap, wakajenga boma la Boonesborough kando ya mto Kentucky. Kitabu cha John Filson cha mwaka 1784 kililieneza jina lake hadi Ulaya. Lakini historia hiyohiyo, ikisomwa kutoka upande wa jikoni, ina sura nyingine.

Rebecca Bryan aliolewa na Boone mwaka 1756 huko North Carolina, akiwa na umri wa miaka 17. Walijaliwa watoto 10, na juu ya hao wakalea yatima wa ukoo. Mwezi Mei 1769 Boone aliondoka kwenda kuwinda ng'ambo ya milima, akimwacha mkewe mjamzito. Mtoto alizaliwa Desemba. Baba alirejea mwaka 1771, mikono mitupu, maana ngozi alizozikusanya zilinyang'anywa njiani. Akamkuta mwanawe ana zaidi ya mwaka mmoja. Katika muda huo wote watoto walikula, walivaa, na shamba lililimwa. Na nani? Waandishi wengi wa sifa za Boone hawajishughulishi na swali hilo.

Mwaka 1773 familia nzima ilifunga mizigo kuhamia Kentucky. Mwezi Oktoba, kabla hawajavuka milima, James, kifungua mimba wao mwenye miaka 16, aliuawa pamoja na wenzake kadhaa na kundi la wapiganaji wenyeji. Husimuliwa kwamba Rebecca alitoa shuka zake ili maiti zizikwe kwa heshima. Safari ikavunjika. Miaka miwili baadaye akazaa mtoto, William, akamzika akiwa mchanga, na mwaka huohuo akaanza tena safari ya Kentucky.

Tusiwe wepesi kuwahukumu waliomwua James. Mwaka 1768, katika mkataba wa Fort Stanwix, Wairoquois waliwapa Waingereza haki juu ya nchi ambayo Washawnee walikuwa wakiwinda, na Washawnee hawakuulizwa. Kina mama wa Kishawnee nao walizika wana wao katika vita hivyo. Mwaka 1778 Boone alipotekwa alipokuwa na watu wake wakichemsha maji ya chumvi, chifu Blackfish hakumwua, bali alimfanya mwana wake na kumpa jina. Huruma ya namna hiyo, kwa mtu aliyekuja kuchukua nchi, Boonesborough haikumrudishia. Boone alitoroka mwezi Juni, akatembea maili 160 kwa siku nne.

Alipofika bomani aliikuta nyumba tupu. Rebecca, akiamini kwamba mumewe amekufa, alikuwa amewakusanya watoto na kurudi kwa ndugu zake North Carolina. Aliyebaki ni binti yao Jemima peke yake, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ametekwa akaokolewa na baba yake. Hapa, kwa maoni yetu, ndipo tunapomwona Rebecca waziwazi kuliko mahali pengine popote. Hakungoja amri ya mtu. Aliwahesabu walio hai akawaondoa penye hatari. Baada ya boma kunusurika na mazingiwa ya mwezi Septemba, ni Boone aliyemfuata mkewe, si mkewe aliyemfuata yeye. Walirudi Kentucky pamoja mwaka 1779. Mwaka 1782, katika mapigano ya Blue Licks, mwana wao Israel aliuawa kando ya baba yake.

Na nchi yenyewe, je? Boone aliipoteza. Hati zake hazikukamilika, upimaji ulikuwa na dosari, kesi zikaandamana. Mwaka 1799 wazee hao wakahama tena, wakaenda Missouri, iliyokuwa chini ya mfalme wa Hispania. Sheria ilidai walowezi wawe Wakatoliki, lakini maofisa walifumba macho. Imani iliyoambatanishwa na kiwanja haitupi fahari yoyote. Marekani ilipoinunua nchi hiyo mwaka 1803, mashamba aliyopewa nayo yakamponyoka. Bunge la Marekani lilimrudishia sehemu mwaka 1814, akaiuza kulipa madeni. Rebecca hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 18 Machi 1813, akiwa na miaka 74. Kati ya watoto 10, wanne tu walikuwa hai.

Baba wa familia anapoondoka kwenda kutafuta, husema anajitoa kwa ajili ya nyumba yake. Huenda ni kweli. Lakini inafaa aulize ni nani hasa anayetolewa. Kitabu cha Mwanzo kinatueleza jinsi Abrahamu alivyoitwa atoke kwao. Sara aliulizwa lini? Hatusemi Boone alikuwa mume mbaya. Tunasema kwamba historia isiyomtaja Rebecca haikosi upole tu, inakosa ukweli, na historia za parokia zetu zinazoandaliwa kwa ajili ya jubilei zina dosari hiyohiyo. Wazee wa vigango waliopewa kazi ya kuziandika wangali na nafasi ya kuwauliza mabinti na wajukuu majina ya bibi zao, kabla hayajasahaulika.

Boone alifariki tarehe 26 Septemba 1820, akazikwa karibu na mkewe huko Missouri. Mwaka 1845 watu wa Kentucky walikuja kuchukua mabaki yake wayapeleke Frankfort, mji mkuu wao, yazikwe kwa heshima. Walimchukua na Rebecca. Watu wa Missouri wanasema hadi leo kwamba kaburi lililofukuliwa halikuwa la Boone.