Shabiki si Mnunuzi

Wako wanaotudhania sisi mashabiki wa mapigano mchanganyiko kuwa ni watu wenye kiu ya damu tu. Hao nawasamehe. Hawajaona jinsi mtu aliyelazwa chini anavyoutafuta mkono wa mwenzake, kwa subira, kama mshairi atafutavyo vina. Nisioweza kuwasamehe ni sisi wenyewe.

Francis Ngannou alichimba mchanga huko Kameruni angali mtoto. Machi 2021 akawa bingwa wa UFC wa uzito wa juu. Januari 2022 akautetea ubingwa wake, na goti limeumia. Kisha akaomba nini? Bima ya afya, ruhusa ya kujitafutia wadhamini, na mtu wa kuwasemea wapiganaji mbele ya wenye kampuni. Hawakuafikiana, Januari 2023 akaondoka. Na baadhi yetu, ati mashabiki, tukamwita mwoga!

Mwoga ni yupi? Aliyepigana na goti bovu, au aliyekaa kitini akimtetea tajiri? Kampuni hiyo iliuzwa mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni 4. Wapiganaji walioishitaki mwaka 2014 walingoja hadi 2024 ndipo ikakubali kulipa dola milioni 375.

Basi na tuchague. Aipendaye ngumi asiulize ujira wa aliyeirusha, huyo ni mnunuzi, si shabiki. Tumshangilie mpiganaji ulingoni, naam. Lakini tusimnyamazie siku anapodai haki yake.