Fundi asilipwe kabla tarakimu hazijalingana

Wafanyabiashara ambao kompyuta zao bado hukaguliwa na programu ndogo ya Python 2, lugha iliyoachwa kuhudumiwa Januari 1, 2020, wanafanya vema kuihamishia Python 3. Lakini wasimlipe fundi kwa sababu tu programu imewaka. Kosa la amri ya kuchapa si tatizo. Programu hugoma papo hapo. Hatari iko kwenye kugawanya. Zamani 7 kugawanya kwa 2 ilitoa 3. Sasa hutoa 3.5, bila onyo lolote. Tahadhari iliyopangwa kutolewa diski ikibakiwa na gigabaiti 3 kamili haitatolewa, na diski itajaa katikati ya mauzo. Fundi aendeshe programu zote mbili kwenye mashine moja, mwenye mali alinganishe majibu, ndipo afungue mkoba.