Sukari ya kwenye chai tumeitoa, ya kwenye chupa nyekundu je?

Wadau, leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na chupa.

Mama yangu ana kisukari. Daktari alipomwambia, nyumbani soda ilikoma siku hiyo hiyo, chai ikanyweka bila sukari, na kopo la sukari likahamishiwa juu kabatini kama kitu cha magendo. Lakini tomato sosi ilibaki katikati ya meza. Tukawa tunammiminia mama juu ya viazi, kwa upendo kabisa! Na mimi, mwandishi wa habari ninayeshinda nachokonoa makaratasi ya watu, sikuwahi kugeuza chupa ya nyumbani kwetu nikasoma nyuma. Juzi nimeigeuza. Maji, sukari, halafu ndipo nyanya.

Msiniambie ni tatizo la chupa za bei rahisi. Hata kechapu za majina makubwa duniani zina sukari kama gramu 22 katika kila gramu 100. Kijiko kimoja cha chakula ni kama kijiko cha chai cha sukari. Na nani kati yetu anaweka kijiko kimoja? Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisema ingefaa sukari inayoongezwa kwenye chakula isivuke kama vijiko 6 vya chai kwa siku kwa mtu mzima. Sahani moja ya chipsi, kwa mimina yetu ile ya kijiweni, nusu imeshakwisha.

Najua mtanijibu kwamba bila sukari haikai. Ni kweli. Huko Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, mkemia wa serikali Harvey Wiley alipowaandama waliokuwa wanatia benzoeti kwenye vyakula, kampuni ya Heinz iliiacha, ikatumia nyanya zilizoiva vizuri na kuongeza siki na sukari. Kwa hiyo sukari ina kazi yake humo. Lakini hiyo ni kazi ya chupa inayongoja miezi dukani. Ya kwetu haimalizi wiki mbili kwenye friji, sasa mlinzi wa nini?

Wanaonikera zaidi ni wale wa "tomato sosi ya asili, haina sukari", kisha ukisoma unakuta nusu kikombe cha asali. Afadhali kiwanda, kimeandika. WHO hao hao wanaihesabu asali pamoja na sukari. Mwili wa mama hausomi lebo.

Na nyanya tunazo! Pita Ilula, barabara ya Iringa, wakati wa msimu, uone matenga yalivyopangwa kando ya lami. Bei ikianguka mkulima anabaki anaziangalia zinavyooza, huku mjini tunanunua maji ya sukari yaliyopakwa nyekundu.

Nilivyofanya ni hivi. Nyanya kilo 2, zile nene zenye nyama, ziwe zimeiva hadi zinalegea, maana utamu wote utatoka humo. Kitunguu maji kikubwa nilikikaanga kwa moto mdogo sana mpaka kikawa kahawia (hapa usiwe na haraka, ndiyo sukari yako hii), nikatia karoti 2, kitunguu saumu, karafuu 3, kijiti cha mdalasini, pilipili manga na chumvi. Zikaiva, nikatoa mdalasini na karafuu, nikasaga, nikachuja, nikarudisha motoni. Kisha ni kukoroga tu. Nyanya karibu yote ni maji, kwa hiyo kilo 2 zilibaki kama gramu 600. Siki nusu kikombe mwishoni. Sufuria isiwe ya alumini, ule uchachu unaila.

Sitawadanganya kwamba haina sukari kabisa. Nyanya yenyewe ina gramu 2 na kitu katika kila 100, na ukikausha inajikusanya. Kwa hesabu yangu inafika karibu nusu ya ile ya chupa. Mama bado anapimiwa kwa kijiko. Amesema ni kali kidogo, ila jana ameiulizia mwenyewe.

Kilichonishinda ni mkaa. Saa mbili nzima jikoni kwa chupa moja na nusu! Mwenye ujanja wa kuikausha bila kuteketeza gunia anieleze hapa chini.