Kompyuta Haijagundua Dawa

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea juzi zoezi la kutafsiri habari, lenye kichwa: "Kompyuta yagundua dawa ya saratani ya ngozi katika mimea". Nilikikataa kitenzi hicho, wala si kwa uchoyo wa alama.

Kompyuta huchukua umbo la protini inayoichochea saratani, mathalani BRAF, yenye hitilafu katika takriban nusu ya saratani za ngozi za aina ya melanoma. Kisha huijaribishia maelfu ya kemikali za mimea, kama mtu ajaribuye funguo katika kufuli. Ufunguo ukiingia, tumepata cha kupeleka maabara, dawa bado. Kazi hiyo ni adhimu, kwani hupunguza miaka ya kubahatisha. Lakini msomaji mwenye ualbino, ambaye jua ni adui yake wa kila siku, akisoma "yagundua", huenda akaiacha kliniki akatafute majani.

Na si kila cha asili kilicho salama. Ingenoli mebuteti, itokanayo na utomvu wa mmea Euphorbia peplus, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2012 kutibu mabaka ya jua yawezayo kugeuka saratani. Mwaka 2020 iliondolewa huko, kwa shaka kwamba huenda yenyewe ikaleta saratani ya ngozi.

Mwanafunzi ameandika upya: "Kompyuta yapendekeza". Nimempa alama zake.