Kompyuta ya kijana na joto la chumba

Wazazi wenzangu, kaskazi hii kijana wangu alinijia na hesabu. Chumba chake cha juu hapa Mji Mkongwe, chini ya bati, hakilaliki. Anacheza gemu mpaka saa tano usiku, kisha anageuka kitandani hadi alfajiri, na skuli anasinzia. Dawa, akaniambia, ni pawa saplai mpya yenye alama ya dhahabu. "Mama, ile ina ufanisi mkubwa, haitoi joto." Muuzaji mmoja Darajani kamhakikishia. Bei yake inazidi ada ya tuisheni ya muhula mzima.

Sikutaka kumkatalia bila sababu. Tukakaa na karatasi.

Pawa saplai ni lile boksi ndani ya kompyuta linalopokea umeme wa ukutani na kuugeuza ufae vifaa vya ndani. Katika kuugeuza, sehemu hupotea, na kinachopotea ni joto. Tuseme akicheza gemu vifaa vyake vinataka wati 300. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta wati 375 ukutani. Yenye asilimia 90 itavuta kama 333. Tofauti ni wati 42. Mtu mzima aliyekaa tuli hutoa joto la karibu wati 100. Yaani fedha zote zile, kupunguza joto lisilofika nusu ya mtu mmoja!

Na zile wati 300 zinakwenda wapi? Hapo akanyamaza. Nazo zinaishia kuwa joto, humohumo chumbani. Feni za kompyuta hazilimalizi, zinalitoa kwenye boksi na kulimwaga kwenu. Ukiwasha kiyoyozi, kitakula uniti kulitoa nje.

(Najua wako wanaoogopa wakiona limeandikwa wati 750. Hicho ni kiwango cha juu linachoweza kutoa, si linachokula kila saa. Akiandika kazi ya skuli, kompyuta hiyohiyo huenda isifike wati 100.)

Sisemi ufanisi hauna maana. Kwa saa nne za gemu kila siku, wati 42 ni uniti moja kwa siku sita. Hii iliyopo ikifa nitanunua iliyo bora. Lakini kuinunua leo ili chumba kipoe, hapana.

Tumeihamishia kompyuta ukumbini, karibu na dirisha. Ubora wa picha za gemu umepunguzwa, maana nao hula umeme, na saa tatu usiku inazimwa kabisa. Bati na kuta za mawe zinabaki na joto lake la mchana, hilo sina la kufanya. Hata hivyo usiku wa tatu nilipanda saa nne nikamkuta kalala.

Lalamiko lake sasa ni bibi yake, anayekaa nyuma yake na kumuuliza kila dakika yule aliyeanguka ni nani, na kakosa nini.